Andika Sita

Ukiuona mto Tarach hapa Kakuma wakati wa kiangazi, utasema ni barabara ya mchanga. Mvua ikinyesha mbali huko juu, maji yanatufikia huku jua linawaka, na yanaweza kubeba mtu.

Juzi mimi na vijana wangu tulipewa fomu ya kijito kimoja: kinatiririka miezi mingapi kwa mwaka? Siku ya kuangalia, moja tu. Takataka zilizokwama matawini zinaonyesha maji yalipanda hadi wapi, ila hazisemi yalikaa siku ngapi. Vichaka vya nchi kavu vimeota katikati ya njia yake, basi maji hayakai. Mama mmoja Mturkana akasema, "Mimi nachimba hapa, napata maji hata kiangazi." Sasa hayo yanatiririka? Hapana. Lakini ndiyo anayokunywa.

Mwenzangu akanivuta: "Kaka, andika sita, mradi upite." Nilimwelewa, foleni ya bomba tunaijua wote. Ila tenki la hiyo sita likikauka, madumu ya nani yatabaki matupu? Ya mama huyohuyo, na yetu.

Nikaandika mmoja. Maneno ya mama hayakuwa na nafasi kwenye fomu, nikayaweka pembeni.