Chenga za Picha na Amana ya Ushahidi

 

Ndugu msomaji, ninalotaka tulitafakari pamoja ni hili: picha iliyopigwa gizani, kisha ikasafishwa na programu hadi ikang'aa, je, inafaa kuwa ushahidi? Wengi watasema hilo ni swali la mafundi wa kamera. Mimi ninasoma masomo ya Kiislamu, na ndiye ninayepiga picha za jumuiya yetu wakati wa futari, tarawehe na mihadhara ya usiku. Kadiri ninavyoendelea na masomo ya hadithi, ndivyo ninavyoona kwamba swali hili ni letu. Wanazuoni wetu walilijibu karne nyingi kabla kamera haijatengenezwa.

Chenga zinatoka wapi?

Kila aliyepiga picha usiku kwa simu anazijua chenga: vile vidoa vidogo vya rangirangi vinavyotapakaa kwenye kivuli, ukutani na kwenye nyuso, mithili ya chenga za mchele juu ya ungo. Wengi huilaumu ISO. Wanasema, "Ukipandisha ISO, picha inaharibika." Maneno hayo yana ukweli nusu tu.

Mwanga hufika kwenye kamera kwa punje punje ziitwazo fotoni, nazo hazifiki kwa mpangilio sawa. Ni kama matone ya mvua yanayoanza kudondoka juu ya bati: upande huu yataanguka matano, upande ule mawili, ingawa wingu ni lilelile. Hesabu yake inajulikana. Sehemu moja ndogo ya picha ikipokea fotoni 10,000, mtikisiko wa kawaida ni kama 100, yaani asilimia 1, na jicho halioni kitu. Ikipokea fotoni 100, mtikisiko ni 10, yaani asilimia 10. Ikipokea 9 tu, mtikisiko ni 3, theluthi nzima! Hapo ndipo chenga zinapojaa. Juu ya hizo, mitambo ya kamera yenyewe huongeza makosa yake madogo inaposoma hesabu hiyo.

ISO basi inafanya nini? Haileti hata fotoni moja. Kazi yake ni kukuza kile kilichokwisha kupokelewa. Kutoka ISO 100 hadi 6400 ni kukuza mara 64. Fikiria kipaza sauti cha msikitini. Imamu akisimama mbali nacho na kijana wa mitambo akaongeza sauti, maneno ya imamu yatasikika, lakini na ule mvumo wa spika utapanda pamoja nayo. Kuongeza sauti hakumsogezi imamu.

Kwa hiyo chenga hazitokani na kiburi cha kamera wala ubovu wa mpiga picha. Ni picha inayokiri: "Niliona kidogo." Mimi naiona kuwa kauli ya kweli. Kivuli chenye chenga kinatuambia ukweli juu ya kiasi cha mwanga kilichokuwapo.

Njia tatu za kuziondoa

Njia ya kwanza ni kutafuta mwanga zaidi: kuwasha taa, au kuiacha lenzi wazi muda mrefu zaidi. Hii haina utata. Shahidi amesogea karibu, akaangalia vizuri.

Njia ya pili ni kupiga picha nyingi za kitu kilekile na kuzilinganisha. Chenga hubadilika katika kila picha, lakini ukuta na mnara hubaki mahali pake. Ukiunganisha picha 16 na kuchukua wastani, chenga hupungua hadi robo. Simu nyingi za leo zina mtindo wa usiku unaofanya kazi hivi. Google ilitoa wa kwake, Night Sight, mwaka 2018.

Mwanafunzi wa hadithi akisikia haya atatabasamu. Tunafundishwa kwamba hadithi yenye udhaifu mdogo, uliotokana na kumbukumbu ya mpokezi, inaweza kupanda daraja na kuwa hasan lighairihi ikiwa imekuja kwa njia nyingine zinazoiunga mkono. Kila mpokezi anaweza kusahau, lakini watu waliosikia mbalimbali hawasahau mahali pamoja kwa namna moja. Sharti ni kwamba njia ziwe tofauti kweli. Kamera nayo ina makosa yasiyobadilika, kama nukta inayowaka mahali palepale katika kila picha. Makosa hayo hayaondoki hata ukiunganisha picha mia, kwa sababu hao si mashahidi mia, ni shahidi mmoja anayerudia kosa lake mara mia. Vivyo hivyo ujumbe uliosambazwa na watu mia kwenye WhatsApp haujawa na wapokezi mia.

Njia ya tatu ni kukisia. Programu huangalia penye chenga, kisha hupasawazisha kwa kufuata majirani zake. Zile za akili bandia huenda mbali zaidi: zimefunzwa kwa picha nyingi sana za vitu vingine, na pale ambapo kamera haikuona, huweka kile ambacho kwa kawaida huwa mahali kama pale. Ngozi inakuwa laini, kope zinahesabika, ukingo wa pua unakatika vizuri. Picha inapendeza sana. Lakini kope zile hakuziona mtu, wala kamera haikuziona.

Giza lililochanganywa na nuru

Katika elimu ya hadithi kuna ila iitwayo tadlisi. Mpokezi anasimulia kutoka kwa shekhe aliyekutana naye jambo ambalo hakulisikia kwake, kwa tamko linaloacha dhana kwamba alilisikia. Hasemi "nimesikia", anasema "kutoka kwa fulani". Hajatamka uongo wa wazi. Ameficha pengo tu, na mnyororo ukaonekana mzima. Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki mwaka 852 Hijria, anataja kwamba asili ya neno hili ni dalas, yaani kuchanganyika kwa giza na nuru.

Niliposoma hapo niliifikiria moja kwa moja picha ya usiku iliyosafishwa. Pengo limefichwa, mnyororo unaonekana mzima, na giza na nuru vimechanganywa hadi mtazamaji hawezi kuvitenganisha.

Wanazuoni hawakumtupa kila mpokezi aliyejulikana kwa tadlisi. Akiwa mwaminifu, hadithi yake hukubaliwa pale anapotamka bayana kwamba alisikia. Kumbe walichodai kwake ni uwazi.

Tunaijua pia hadithi aliyoipokea Imamu Muslim kuhusu muuza chakula sokoni. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono ndani ya rundo, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akajitetea kwamba ni mvua. Mtume (s.a.w.) hakumkataza kuuza chakula kilicholoa. Alimuuliza kwa nini hakuuweka unyevu ule juu, watu wauone, kisha akajitenga na mwenye kughushi. Chenga ni unyevu wa picha. Mwenye kuziacha juu hajamdanganya mnunuzi.

Uso uliotengenezwa

Kwa nini nalisema hili kwa uzito? Katika hosteli moja ninayoifahamu, usiku umeme ukiwa umekatika, simu mbili ziliibwa. Mwanafunzi wa ghorofa ya juu alisikia nyayo, akapiga picha uani kwa simu yake. Nimeiona picha ile ya asili. Kuna mtu, kuna kanzu au koti refu, na mahali pa uso kuna chenga tupu. Mtu mwingine akaipitisha kwenye programu ya kusafisha picha, ukatokea uso wenye macho, pua na ndevu chache za kidevuni. Ukafanana na kijana mmoja wa mwaka wa kwanza. Kabla ya swala ya adhuhuri jina lake lilikuwa kwenye makundi yote. Kijana yule akaacha kuja jamaa. Alikuwa akiswali chumbani peke yake, kwa sababu safuni watu walikuwa wanamwachia nafasi.

Mwizi hajapatikana hadi leo. Lakini hata angekuwa ni yeye, ndugu msomaji, hoja ingebaki palepale: hakuna hata mmoja kati ya waliosambaza aliyemwona. Aya ya 36 ya Suratul-Israa inatuonya tusifuate tusilo na elimu nalo, na kwamba masikio, macho na moyo vitaulizwa. Siku hiyo jicho likiulizwa liliona nini, litajibu nini? Liliona makisio ya programu.

Hili si la hosteli moja tu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa programu iitwayo PULSE, inayopokea picha ya uso iliyofifia na kutoa uso wa kina. Wenyewe walieleza kwamba haiwezi kutumika kumtambua mtu. Watu walipoipa picha iliyofifishwa ya Barack Obama, ilitoa uso wa mzungu. Na mwaka 2023 mtumiaji mmoja wa simu ya Samsung aliichukua picha ya mwezi, akaifanya ukungu kwa makusudi, akaionyesha kwenye skrini ndani ya chumba chenye giza, kisha akaipiga kwa simu hiyo kutoka mbali. Simu ikatoa mwezi wenye mabonde na makovu yake yote. Kampuni ilieleza kwamba akili bandia huutambua mwezi na kuuongezea ubora. Sisi ambao kila Ramadhani tunavutana juu ya mwezi mwandamo, tuna haja ya kulifikiria jambo hilo kabla ya kumpokea shahidi mwenye simu.

Pingamizi

Atasema mwenye kupinga: hakuna picha isiyo na makisio. Kweli kabisa. Katika kamera nyingi, kila nukta hupokea rangi moja tu kati ya nyekundu, kijani na bluu, na zile mbili nyingine hukadiriwa kutoka kwa nukta jirani. Basi theluthi mbili za rangi unazoziona ni makadirio. Hata sheria yetu haidai yakini kila mahali. Aliye gizani asiyejua kibla hujitahidi, akaelekea anakodhani, na swala yake inasihi.

Jibu langu ni kwamba dhana ina daraja, na mizani yake ni madhara ya kukosea. Kukadiria rangi ya jani kutokana na majani ya jirani kunatokana na mandhari yenyewe, na kosa lake halimuumizi mtu. Kuweka pua ya mtu kutokana na kumbukumbu za nyuso za watu wengine ni jambo jingine. Na tunaijua kanuni ya fiqhi kwamba adhabu za hudud huzuiwa na shubha. Kadiri heshima na damu ya mtu zinavyoingia, ndivyo makisio yanavyopungua thamani.

Tufanye nini?

Sisemi tuache kusafisha picha. Picha ya futari ikilainishwa ili ipendeze kwenye jarida, hakuna aliyedhulumiwa. Nasema mambo matatu. Tuhifadhi picha ya asili pamoja na chenga zake. Tukiisafisha, tuseme tumeisafisha. Na picha iliyokisiwa isitumike kumtaja mtu kwa ubaya, hata kwa swali, hata kwa mzaha.

Kijana yule bado ni mwanafunzi. Aliyesambaza picha ana uwezo wa kumwendea kwa miguu, kumtaka radhi, kisha kuandika kwenye kundi lilelile kwamba uso ule ulitengenezwa. Ni haki ya mja, na haki ya mja haifutwi kwa istighfari pekee.

Tunamwomba Allah (s.w.t.) atujaalie kuwa mashahidi wakweli, wenye kusema tulichokiona na kunyamaza pale ambapo hatukuona. Wallahu a'lam.