Kiasi cha Kutosha: Lenzi ya Mpiga Picha na Maadili ya Kumiliki

Mtu amiliki nini ili atimize wajibu wake bila kupungukiwa wala kujilimbikizia? Swali hili ni la zamani katika falsafa na dini. Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba wema wa tabia uko katikati ya upungufu na ziada, na kwamba katikati hiyo hutegemea mtu na hali yake. Kurani, sura ya 25 aya ya 67, inawasifu watoao bila israfu wala ubahili. Injili ya Luka, sura ya 14, inamtaja mjenzi anayeketi kwanza kupiga hesabu ya gharama za mnara. Mafundisho hayo yanamhusu pia mpiga picha wa wilaya ya Kasulu au Kibondo anayetafuta lenzi ya zumu ya bei nafuu, yenye tundu pana, kwa kamera isiyo na kioo cha ndani.

Kipimo cha kwanza ni wajibu wenyewe. Kazi nyingi za mpiga picha wa wilaya hizi ni ubatizo, kipaimara, harusi, send-off na mahafali. Sehemu kubwa hufanyika ndani ya kanisa au ukumbi, na wakati wa masika mawingu hupunguza hata mwanga wa dirishani. Lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera mara nyingi huishia kwenye tundu la f/5.6 inapovutwa; lenzi ya f/2.8 hupitisha mwanga mara nne ya huo. Pale ambapo ya kwanza inadai shata ya 1/50 ya sekunde, ya pili inaruhusu 1/200, na mikono ya wanakwaya wanaopiga makofi haiachi ukungu pichani. Asiye nayo hulazimika kupandisha ISO kutoka 1600 hadi 6400, na picha hujaa chengachenga. Ubatizo haurudiwi kwa ajili ya picha. Kwa kazi hii, basi, tundu pana si anasa. Kubana matumizi hadi kulikosa ni kumpunja mzazi aliyelipa.

Ziada nayo ina mipaka yake. Sony FE 24-70mm f/2.8 GM ya mwaka 2016 ina uzito wa gramu 886 na ilitoka kwa takriban dola 2,200 za Marekani. Tamron 28-75mm f/2.8 ya mwaka 2018, yenye gramu 550, ilitoka kwa dola 799; Sigma 28-70mm f/2.8 ya mwaka 2021, yenye gramu 470, kwa dola 899. Tundu ni lilelile. Kinachopungua ni upana wa mandhari, kutoka nyuzi 84 hadi 75, pamoja na ukali kidogo wa kona za picha. Upungufu wa kwanza hufidiwa kwa kurudi nyuma hatua chache, ukuta ukiruhusu. Wa pili hauonekani kwa urahisi katika picha ya albamu. Kwa kihisi kidogo cha APS-C, Sigma 18-50mm f/2.8 ilitoka kwa dola 549.

Kinga dhidi ya vumbi ina uzito zaidi. Kiangazi barabara za vumbi hazimwachi mtu, na Tamron hiyo imezibwa vizuri zaidi kuliko Sigma ya 28-70mm, iliyozibwa kwenye kiungio cha kamera tu. Lenzi isiyovutika ya 50mm f/1.8 ni rahisi na hupitisha mwanga zaidi ya mara mbili, ila kubadilisha lenzi hukiacha kihisi wazi. Kwa anayepiga picha za sura pekee, hiyo inatosha. Lenzi iliyokwisha kutumika ikaguliwe kwanza kama ina kuvu ndani ya vioo: kuipeleka kwa fundi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000, kunaweza kuifanya ya bei rahisi iwe ghali.

Hatari kubwa kimaadili ni deni. Aliyekopa kuliko kazi yake inavyoweza kulipa huanza kuitumikia lenzi: hupandisha bei hadi familia zishindwe, au hukimbilia sherehe mbili kwa siku moja na kuziharibu zote. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikana kwamba fedha ndiyo msingi wa maendeleo, likawataja watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Kwa mpiga picha, msingi huo ni ujuzi, uaminifu na heshima kwa anayepigwa. Hata katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, lenzi fupi humlazimisha asogee karibu, aonekane na aombe ridhaa. Hakuna bei ya lenzi inayonunua ridhaa hiyo.

Lenzi inayotosha, kwa hiyo, ni ile inayokamilisha kazi ya kweli na kulipika kwa mapato ya kazi hiyohiyo. Kwa wengi wa Kasulu na Kibondo, zumu ya f/2.8 ya bei ya kati inafikia kipimo hicho. Anayetaka ya juu zaidi na aonyeshe kwanza kazi inayoidai.