Kubisha Hodi Mkono Mtupu

Tafakari ya wiki: Luka 10:1-9

Mahindi yako ghalani, tumbaku imekwenda sokoni au inasubiri malipo, na mvua hatutaiona mpaka mwisho wa mwaka ukaribie. Huu ndio msimu ambao mtu wa Tabora ana muda mwingi kuliko pesa. Mkulima amepumzisha jembe, kijana aliyemaliza chuo anangoja ajira, mstaafu anangoja mwisho wa mwezi. Ungedhani nyumba zetu sasa zingejaa wageni, lakini hazijai. Ukimuuliza mtu wa Cheyo kwa nini hajaenda kumwona dada yake pale Ipuli tangu Pasaka, jibu ni lile lile: "Nitaendaje mikono mitupu, Baba?" Na yule dada naye, nina hakika, anaomba asije mgeni leo kwa sababu sukari imekwisha. Ndugu wawili wanaopendana wanajifungia kila mmoja kwake, wakioneana haya kwa umaskini ambao wote wawili wanao.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Injili ya wiki hii inabishana nao.

Bwana anawatuma wale sabini na wawili, wawili wawili, na kabla hawajaondoka anawanyang'anya mizigo: hakuna mfuko wa fedha, hakuna mkoba, hakuna viatu. Wakifika kwenye nyumba, la kwanza ni kuitakia amani. Kisha wale na kunywa kile watakachopewa, na wasihamehame nyumba hadi nyumba. Mara nyingi tumelihubiri somo hili kama fundisho juu ya ufukara wa wahubiri, nasi mapadre tukapita haraka tukijua tumefika na gari. Mimi naona lina jambo jingine. Mtu mwenye mkoba uliojaa anaweza kulala popote bila kumhitaji mtu. Yesu aliwataka wanafunzi wake wawahitaji watu, wabishe hodi wakiwa hawana cha kutoa isipokuwa salamu. Na lile katazo la kuhamahama, bila shaka Bwana aliwajua wageni wanaotafuta nyumba yenye mchuzi mzito zaidi.

Sisi watu wa Unyamwezi tusilione somo hili kama habari ya Galilaya tu. Barabara iliyotoka Bagamoyo kuja hapa na kuendelea hadi Ujiji ilitembewa na babu zetu kwa miguu, na safari ya kutoka pwani mpaka Tabora ilikula karibu miezi mitatu. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa karibu frasila mbili begani. Posho yake ya siku ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, au kipande cha kitambaa na shanga za kununulia chakula njiani. Misafara iliondoka alfajiri, na mara nyingi jua la mchana liliwakuta watu wamekwisha tua. Mchana na jioni vikawa vyao. Walijigawa katika makundi madogo waliyoyaita kambi: watu wachache, kibanda kimoja, chungu kimoja. Mmoja anatafuta kuni, mwingine maji, mwingine anasonga ugali. Usiku ulipoingia waliimba na kucheza ngoma, na wageni wa Ulaya waliopita nao wakaandika kwa mshangao kwamba watu waliotembea kutwa na mizigo mizito bado walikuwa na nguvu za kucheza. Kibaba cha mtu mmoja peke yake ni chakula cha huzuni. Vibaba vya watu sita katika chungu kimoja ni karamu.

Njia hiyo hiyo ndiyo iliyozaa sehemu kubwa ya utani wetu. Mnyamwezi aliyeshuka pwani hakuwa na shangazi kule, lakini alikuwa na watani. Mzaramo alimtania, akamchukulia kitu chake bila kuomba, wakacheka. Akifa huko ugenini, mtani alikuwa na wajibu katika mazishi yake. Utani ni burudani isiyo na kiingilio, na tumeuacha ufifie mpaka umebaki mambo ya Simba na Yanga.

Sisemi hivi ili kuipamba njia ile. Wapagazi wengi wa hapa walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, lakini njia hiyo hiyo ilipitisha pia watu wenye minyororo shingoni, na miembe tunayojivunia imeyaona yote mawili. Wala simsifu mtu yeyote kwa kukosa viatu. Ninasema tu kwamba watu waliokuwa na posho ya kibaba hawakukosa watu wa kuzungumza nao jioni.

Kama mnataka kumwona aliyekosa watu, nendeni Kwihara, nje kidogo ya mji, mkaitazame tembe ya Livingstone. Stanley alipoagana naye Machi 1872 alimwachia bidhaa za kutosha, vitambaa na shanga, ambazo ndizo zilizokuwa pesa za njia ile. Hata hivyo mzee hakuweza kuondoka. Alikaa pale mpaka mwisho wa Agosti, miezi mitano na ushee, akisoma, akiandika na kuhesabu siku, mali ikiwa ghalani. Alichosubiri ni watu, wapagazi waliokuwa wakitoka pwani. Walipofika, safari ikaanza siku chache baadaye. Mwaka uliofuata alifariki kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, na watu hao wakaubeba mwili wake wakapita nao tena hapa kwetu kuelekea Bagamoyo. Walishauriwa hapa wauzike njiani, wakakataa.

Sasa turudi mtaani. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 kazi ya upagazi ilikwisha, na siku hizi tunakutana kwa namna mbili kuu: vikao vya harusi na misiba. Kikao cha harusi kina kadi, na kadi ina kiwango. Baada ya kadi kuna sare. Mwenye kipato kidogo hujitoa kimya kimya, akisingizia safari. Vijana nao wana kibanda umiza, na hiyo siyo dhambi. Kutazama mpira pamoja ni jambo jema. Ubaya ni pale shilingi iliyobaki mfukoni inapokwenda kwenye kubeti, kijana akaanza kuangalia mchezo kama mdai anayemwangalia mdaiwa, furaha yote imemtoka.

Msiba je? Hebu tutazame vizuri kinachotokea msibani, maana hapo tunaufanya vizuri ule ukarimu tunaodai umetushinda. Wanaume wako chini ya turubai na karata, drafti ya vizibo vya soda, au bao. Wazee wanabishana kama bendi iliyokuwa kali zaidi ni Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz au Kiko Kids, na ubishi huo hauishi hata marehemu akishazikwa. Akina mama wako nyuma ya nyumba wanachambua mchele na kusimuliana, na kicheko huwaponyoka. Aliye na rambirambi anatoa. Asiye nayo anasema pole, anavuta kiti, hakuna anayemtazama mikono. Maharage ni yale yale kwa mkurugenzi na kwa muuza mkaa. Hakuna anayesema ataenda msibani siku atakapokuwa na hela.

Kwa hiyo uwezo wa kukaa pamoja bila gharama tunao. Tumeuhifadhi kwa ajili ya wafu. Nimewahi kuongoza mazishi ambapo ua ulijaa watu hata majirani wakatoa viti vyao, na mjane akaniambia kwamba katika miezi yote ya ugonjwa mumewe alikuwa akiutazama mlango. Watu hao hao. Naamini hawakumchukia, walikuwa wakingoja wapate cha kumpelekea.

Jumuiya ndogo ndogo zilikusudiwa kuwa dawa ya jambo hili. Maaskofu wa nchi za AMECEA walipozifanya kuwa kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976, walitaka Kanisa liwe la majirani: watu wa nyumba chache wanaojuana majina na shida, wanaosali pamoja kila wiki sebuleni au chini ya mwembe. Lakini nasi tukazipandishia gharama. Jumuiya moja ilianza na chai, ya pili ikaongeza maandazi, ya tatu ikaleta soda na pilau, na leo zipo familia zinazoogopa zamu yao ya kupokea jumuiya kuliko zinavyoogopa ada ya shule. Wengine huhama zamu, wengine huacha kabisa kuja. Katika sura hii hii ya 10, mbele kidogo, Martha anahangaika jikoni mpaka anamkasirikia mgeni wake mwenyewe, na Bwana anamwambia kwamba vinavyohitajika ni vichache. Naomba tumsadiki.

Tabora haina njaa ya vitu vya kumwekea mgeni. Michembe na matobolwa viko karibu kila nyumba msimu huu, na karanga zinataka watu wa kuzibangua. Mwenye karanga aite majirani wabangue pamoja. Ni kazi, ni maongezi, na kila mmoja anatafuna kidogo. Mazoezi ya kwaya hayana malipo, na viongozi wa kwaya, nawasihi, msimzuie mtu kuimba kwa sababu hajashona sare. Mzee anayejua kucheza bao na kijana asiye na kazi wanaweza kufaana zaidi ya wanavyodhani. Na mstaafu mwenye hadithi za Tabora ya zamani ni maktaba inayotembea kwa bakora. Anachohitaji ni mtu wa kumuuliza swali.

Kwa wiki hii naagiza mambo mawili tu. Kila jumuiya itakayokutana isiandae kitu zaidi ya maji ya kunywa na kile ambacho nyumba hiyo ingekula hata kama tusingekuja; wenyeviti mlisimamie hili, na atakayeleta kreti ya soda airudishe. La pili ni la kila mmoja: kabla ya Jumapili ijayo nenda kwa mtu mmoja ambaye hujamwona muda mrefu, kwa miguu ikiwezekana, bila mfuko. Bisha hodi, itakie nyumba amani, kaa, kula utakachopewa. Ukikuta hakuna kitu, usiondoke mapema.