Shahada ni ushahidi: Vipi chuo kimfutie mtu elimu yake?

Mwezi uliopita alikuja nyumbani kwangu binti wa dada yangu, mkononi ana bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na transkripti, yaani karatasi ya matokeo ya miaka miwili aliyosoma shahada ya biashara katika chuo kikuu kimoja cha mkoani. Baba yake alipofariki ilimbidi arejee Dar es Salaam kumwangalia mama yake, akaomba kuhamia chuo kilicho karibu na nyumbani. Alikubaliwa, lakini kwa sharti kwamba aanze mwaka wa kwanza. Akaniuliza: "Mjomba, sasa nilichosoma miaka miwili kimekwenda wapi?"

Nilikosa jibu. Tena niliona aibu, na sababu ya aibu hiyo nitaieleza.

Kwanza tufanye hesabu. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), masomo hupimwa kwa krediti. Krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: kusikiliza mhadhara, kujisomea, kufanya mazoezi na mitihani. Mwaka mmoja una krediti 120, na shahada ya kwanza ya miaka mitatu haipungui krediti 360. Binti huyu hakufeli somo hata moja, kwa hiyo anazo krediti 240. Hizo ni saa 2,400 za umri wake. Kumwambia aanze upya ni kumwambia kuwa saa hizo hazikuwapo.

Sasa swali la kujiuliza ni hili: elimu hiyo ni mali ya nani? Je, ni ya chuo kilichofundisha, kiasi kwamba mtu akitoka getini anaiacha humo kama kitabu cha maktaba? Au ni ya aliyesoma, naye anakwenda nayo popote aendapo?

Wapo watakaosema kuwa chuo kina haki ya kulinda jina lake. Hoja hii tusiidharau. Sisi wenyewe tunaiita ile karatasi shahada, na maana ya neno hilo ni ushahidi. Chuo kinapotoa shahada kinasimama mbele ya umma na kushuhudia kuwa fulani anajua. Vipi kishuhudie jambo ambalo hakikuliona? Na iwapo mtu atakwenda kutibu wagonjwa au kujenga madaraja, ni nani atakayelaumiwa ikidhihirika kuwa hajui?

Ni kweli. Lakini shahidi naye anaweza kuutegemea ushahidi wa mwenzake aliye muadilifu. Wanazuoni wa fiqhi wameuzungumzia ushahidi juu ya ushahidi, wakauwekea masharti, hawakuutupa wote. Na katika suala letu uadilifu wa shahidi wa kwanza umekwishathibitishwa. Chuo alikotoka binti huyu kimepewa ithibati na TCU, tume ileile iliyokipa ithibati chuo anakokwenda. Kama tunaiamini tume inapotuthibitisha sisi, kwa nini tusiiamini inapomthibitisha jirani?

Sasa niseme la aibu yangu. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nikifundisha katika chuo kimoja. Kwenye kikao cha idara likaletwa faili la kijana aliyeomba kuhamia kwetu. Mwenyekiti akauliza kama somo lake la Takwimu linalingana na letu. Muhtasari wa somo ulikuwemo ndani ya faili. Sikuufungua. Nilitazama jina la chuo alikotoka, nikasema, "Arudie." Wenzangu wakaafiki, tukaenda kunywa chai.

Siku ile nilidhani nalinda ubora. Kumbe nilikataa kushuhudia nisichokiona, kisha papo hapo nikashuhudia nisichokiona: kwamba kijana yule hajui, wakati sikuwa nimemuuliza hata swali moja. Hiyo ni dhulma, hata kama imefanywa kwa adabu na kuandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Wenzetu wa Ulaya waliliona tatizo hili. Katika mkataba uliotiwa saini Lisbon mwaka 1997 walikubaliana kuwa anayekataa kutambua masomo ya mtu ndiye abebe mzigo wa kuonyesha tofauti kubwa iliyopo. Mwanafunzi hutoa taarifa za masomo yake. Chuo kikikataa kitoe sababu.

Nasi hapa kwetu jambo hili si geni. Kuanzia mwaka 1963 hadi 1970 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zilikuwa chini ya chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Mwaka 2017 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza kanda hii kuwa eneo moja la elimu ya juu. Lakini tutaitambuaje elimu ya Kampala au Nairobi ikiwa tunashindwa kuitambua ya mkoa wa jirani?

Ninachopendekeza hakihitaji fedha nyingi. Faili lifunguliwe, na somo lipimwe kwa muhtasari wake, si kwa jina la chuo. Penye shaka, mwanafunzi apewe mtihani. Penye pengo, asome kile kilichopungua tu. Akikataliwa, aandikiwe sababu, somo kwa somo, na awe na mahali pa kukata rufaa. Na majibu hayo ayapate kabla hajalipa ada, si baada ya kwisha kulipa.

Binti wa dada yangu ameandika barua kuomba sababu hizo. Nilimsaidia kuipanga, na nilipokuwa nikisoma transkripti yake nikaliona somo la Takwimu, alama B+. Nikamkumbuka kijana yule. Muhula mzima wa maisha yake niliufuta kwa neno moja kabla ya chai. Kama anausoma ukurasa huu, namuomba anisamehe. Na wenzangu mnaokaa kwenye vikao hivyo hivi leo, nawaomba mfungue mafaili.