Ufa wa Hodhi na Jirani wa Chini

Swali la wiki hii limetoka kwenye ushirika wa nyumbani, na si mara ya kwanza kuulizwa. Mtu anarekebisha nyumba yake ya ghorofani ili aipangishe au aiuze. Fundi ameingia bafuni, ameinua mkeka wa mpira, na kumbe hodhi la kuogea, lile refu la kulala ndani, lina ufa. Ni mwembamba kama unywele, unaanzia karibu na tundu la kutolea maji na kuelekea katikati. Fundi anasema, "Hii tutaziba tu, mama. Tukipaka rangi juu hakuna atakayejua." Kuziba ni pesa kidogo. Kung'oa hodhi, kuvunja tailsi, kuangalia chini kuna nini na kuweka kitu kipya, hiyo ni hesabu nyingine. Sasa swali: akiziba na kunyamaza, ametenda dhambi? Uongo hajasema. Hakuna aliyemuuliza.

Wengi walijibu haraka haraka, wengine ndiyo, wengine la. Hebu twende polepole. Huwezi kujua kama kunyamaza ni dhambi kabla hujajua ni kitu gani hasa unakinyamazia, kwa hiyo tuanze na hodhi lenyewe.

Mahodhi ya zamani yalikuwa ya chuma kizito kilichopakwa enameli, wanaume wanne hutoka jasho kubeba moja. Hayo hayapasuki ovyo. Enameli ikibanduka ndipo chuma hushika kutu, na kutu ikila mpaka upande wa pili, tundu limepatikana. Mengi ya siku hizi ni ya akriliki au faiba. Ni mepesi, bei yake ni nafuu, lakini yanataka kushikiliwa vizuri chini. Fundi mwenye haraka analisimamisha hodhi juu ya miguu yake na kuacha katikati patupu. Kila mtu akiingia, sehemu ya chini inabonyea kidogo, akitoka, inarudi. Kubonyea na kurudi, asubuhi na jioni, mwaka baada ya mwaka, ndiko kunakozaa ufa. Sasa piga hesabu: lita 150 za maji ni kilo 150, uongeze mtu wa kilo 80 juu yake. Kiraka kilichobandikwa kwa juu, huku chini pamebaki patupu vile vile, kitashika kwa muda fulani halafu kitaachia. Kitaachia wakati gani? Wakati mgeni ameshaingia na wewe umeshapokea pesa.

Na pengine ufa huo hauna hatia kabisa! Maji yanayovuja bafuni yana njia nyingi. Mtu anayetaka kweli kujua anaweza kupima bila kununua kifaa chochote. Kwanza umwambie jirani wa chini kwamba unapima, halafu ukaushe kila kitu, uzibe tundu, ujaze maji, uchore alama kwa penseli mahali maji yalipofika, ulale. Asubuhi maji yakiwa yameshuka, shida ni ufa au kizibo. Yakiwa palepale, yafungulie na uangalie silingi ya jirani wakati yanatoka. Ikilowa, shida iko kwenye bomba la kutolea maji. Usisahau lile tundu la juu la kuzuia hodhi lisifurike, mpira wake huchakaa. La mwisho ni kumwagia ukuta maji, manake mara nyingi yanapenya kwenye ile simiti nyeupe katikati ya tailsi, au mahali silikoni imeachana na ukuta.

Nimeyaeleza haya yote kwa sababu moja. Yako maneno tunayoyapenda sana: "Mimi sikujua." Kuna kutojua ambako hata malaika hangekulaumu, bomba limepasuka ndani ya ukuta saa nane za usiku, ungejuaje. Na kuna kutojua ambako dawa yake ilikuwa usiku mmoja na penseli, na mtu akaona heri asipime. Hizo mbili hazina uzito mmoja. Mtu aliyeuona ufa na akaamua kutojua zaidi, ameshajua kiasi cha kutosha.

Maji yenyewe yanaenda wapi? Kwetu ghorofa nyingi zina sakafu ya zege. Maji hayaanguki moja kwa moja. Yanatambaa juu ya zege mpaka yapate mwanya. Doa la rangi ya chai linaweza kujitokeza mita kadhaa mbali na hodhi, juu ya kitanda cha mtoto wa watu ambaye hajawahi kuliona bafu lako. Baba yake anapaka rangi upya. Doa linarudi. Anamlaumu aliyempakia rangi. Huko ndani, maji yamefika kwenye vyuma vya zege, na chuma kikishika kutu hufura, kinachukua nafasi kubwa kuliko kilivyokuwa kizima, na kufura huko ndiko kunakopasua zege na kuangusha vipande. Na taa ya silingi iko hapo hapo, na nyaya zake.

Kwa hiyo unaponyamaza, kinachonyamaziwa si hodhi. Ni mtu anayelala chini yake.

Swali hili wenzetu wa zamani walilijua. Cicero, mwanasheria na mwanasiasa wa Roma, hakuwa mmoja wetu, alikufa kabla Bwana hajazaliwa. Lakini mwaka wa 44 kabla ya Kristo alimwandikia mwanawe kitabu kuhusu wajibu, na ndani yake kuna mtu mwema anayeuza nyumba. Nyumba ina mbao mbovu, vyumbani mna nyoka, na wenye kujua ni yeye peke yake. Je, aseme? Cicero anawaleta walimu wawili wabishane, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater. Diogenes anaona kwamba kutotaja si kuficha. Mnunuzi ana macho yake na hakuna aliyemlazimisha kununua. Antipater anaona kwamba hiyo ni sawa na kumwona mtu amepotea njia na kukataa kumwonyesha. Cicero mwenyewe akasimama na Antipater. Alikubali kwamba si kila kunyamaza ni kuficha, ila ukinyamaza kwa faida yako, juu ya jambo ambalo mwenzako lingemfaa kulijua, umeficha.

Mimi ningeongeza jambo moja ambalo Diogenes angepata shida kulijibu. Yule mwenye nyumba wetu hatanyamaza tu. Atapaka rangi. Na rangi inaongea! Inaliambia jicho la mgeni, hapa pazima, pita. Kama angeacha ufa uonekane na mgeni auone mwenyewe, hapo tungeweza kubishana kuhusu kunyamaza. Lakini mtu anayelipa fundi ili jicho la mwingine lisione, huyo ameshasema, na alichosema si kweli. Ule utetezi wa "sikusema uongo" umeanguka kabla hatujafungua Biblia.

Tukiifungua, twende Walawi 14, kuanzia mstari wa 33. Sura hii wengi tunairuka kwa sababu inahusu doa kwenye kuta, na tukiisoma tunakimbilia wale ndege wawili wa utakaso mwishoni. Rudi nyuma kidogo. Doa limeonekana ndani ya nyumba. Nani anakwenda kwa kuhani? Mwenye nyumba. Si jirani aliyechoka kulalamika. Mwenyewe anakwenda na kusema kwamba ameona kitu kama pigo, hana hata uhakika. Halafu kuna jambo la huruma ambalo mimi hulipenda: kabla kuhani hajaingia, anaamuru vyombo vitolewe nje, ili vyote visije vikahesabiwa najisi pamoja na nyumba. Yaani sheria yenyewe imefikiria hasara ya mtu mkweli na kuipunguza. Nyumba inafungwa siku saba. Doa likiwa limeenea, mawe yenye doa yanatolewa na kutupwa nje ya mji, kuta zinakwanguliwa pande zote za ndani, na hata kile kilichokwanguliwa kinatupwa nje. Ndipo yanaingizwa mawe mengine na kupakwa udongo mpya. Angalia utaratibu: kukwangua kwanza, kupaka baadaye. Doa likirudi baada ya hayo yote, nyumba inabomolewa. Na popote katika maagizo hayo mwenye nyumba haulizwi amekosa nini. Kuwa na doa nyumbani hakukumfanya mwovu. Haulizwi, anatakiwa tu aseme na aruhusu ukuta ufunguliwe.

Kumbukumbu la Torati 22:8 ni fupi, nitapita haraka. Anayejenga nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka paa, mtu asije akaanguka, damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Wajibu umewekwa kabla ya ajali. Hungoji mtu aanguke ndipo ukanunue matofali.

Hata mahakama zimepita njia hii. Huko Lancashire, Uingereza, mwenye kiwanda aliyeitwa John Rylands alichimbiwa bwawa la maji. Makandarasi walikuta mashimo ya kale ya migodi chini yake, wakayaacha bila kuyaziba sawasawa. Mwaka wa 1860 bwawa lilipojazwa, maji yakashuka na kufurika mgodi wa makaa wa jirani, Thomas Fletcher. Rylands mwenyewe hakuwa na habari ya mashimo. Kesi ilipanda mpaka Bunge la Malordi, na mwaka wa 1868 ikaamuliwa kwamba Rylands alipe: aliyeleta maji mengi hapo na kuyakusanya ndiye wa kuangalia yasitoke. Kesi hiyo bado hutajwa katika mahakama zetu za Kenya. Sisemi kwamba kila bafu linaingia humo; mahakama zilikuja kuipunguza makali, na maji ya kawaida ya nyumbani huhukumiwa zaidi kwa uzembe. Ila ona kwamba yule jirani wa chini hakuulizwa kwa nini alikaa chini.

Sasa nije kwa lile lililosemwa kwa sauti ya chini siku ile, na ambalo ndilo zito. Dada mmoja alisema, "Haya ni maneno ya wenye pesa. Mimi hiyo nyumba ndiyo karo ya watoto wangu. Nikivunja hilo bafu, muhula huu hawaendi." Nisingependa mtu amjibu huyo kwa mstari mmoja na kumwombea. Ana haki ya kujibiwa vizuri.

Kwanza, hakuna aliyesema anunue hodhi jipya. Nyumba nyingi za kwetu hodhi halikumbukwi kuogewa. Limekuwa la kuwekea maji ya mgao na kuloweka nguo. Linaweza kung'olewa, sakafu ipewe mteremko mzuri kuelekea kwenye tundu, izuiwe maji kabla ya tailsi, na watu waoge wamesimama. Pili, kama hata hiyo ni nyingi kwa sasa, kufunga mfereji wa hodhi hakuna gharama. Watu waoge kwa karai mahali pakavu mpaka pesa ipatikane. Tatu, anaweza kupangisha nyumba ikiwa hivyo hivyo, mradi aseme: bafu hili halitumiki, nitalitengeneza mwezi fulani, kwa hiyo kodi nimeipunguza. Huenda mpangaji akakataa, ni kweli, na hapo inauma. Lakini hiyo kodi ya juu aliyokuwa anaihesabu haikuwa yake, ilikuwa bei ya bafu zima ambalo hana. Karo inayolipwa kwa silingi ya mtu mwingine imekopwa kutoka kwake bila yeye kujua, na yeye pia ana watoto shuleni.

Na jirani wa chini naye asilifanye doa kuwa mradi. Adai kilichoharibiwa na maji, si sebule mpya nzima.

Anabaki fundi. Tuna mafundi wengi kanisani humu na swali lao huwa haliulizwi. Mwenye nyumba amesema ziba upake rangi. Fundi anajua kiraka hakitashika. Na asipofanya yeye, kesho atafanya mwingine, na yeye ataenda nyumbani mikono mitupu. Mimi naona anaweza kuziba, kwa sababu kiraka si dhambi, hata kiraka cha muda kina kazi yake. Asichoweza ni kupokea pesa ya kufanya kisionekane. Basi amwambie mwenye nyumba waziwazi, kisha aandike kwenye risiti: hodhi limezibwa kwa juu tu, chini halikufunguliwa, lisijazwe maji. Aweke tarehe, watie sahihi wote wawili, kila mmoja abaki na nakala yake. Mwenye nyumba akikataa kutia sahihi, fundi akunje vyombo vyake kabla ya kufungua mkebe wa rangi, na adai ya siku hiyo moja aliyofanya kazi.