Sala Kati ya Masufuria

Mama unayetusikiliza ukiwa Jinja, na wewe wa Mbale, chini ya mlima Wanale, najua redio iko kando ya jiko la mkaa, uji unatokota, mtoto mmoja anatafuta soksi na mwingine bado hajaoga. Mtu akikuambia utenge saa nzima ya sala ya kimya, utacheka, na haki unayo.

Karne ya 17, huko Paris, aliishi Bruda Laurent, Mkarmeli aliyepangiwa kazi ya jikoni, kazi ambayo wala hakuipenda. Humo humo, kati ya masufuria na kelele za wenye njaa, alizoea kuzungumza na Mungu kwa maneno machache. Na hapa Uganda, Mama Kevin, mzaliwa wa Ireland, alifika 1903, akahudumia wagonjwa, na 1923 akaanzisha shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko. Sidhani kama siku zake zilikuwa na nafasi tele.

Kanisa limetuachia sala ya Malaika wa Bwana: asubuhi, adhuhuri na jioni. Ni dakika chache tu. Saa sita ikikukuta sokoni unapanga nyanya, mteja na asubiri kidogo. Akinuna, atarudi, mradi nyanya ni nzuri. Jioni, rozari nzima ikikushinda, sali fungu moja juu ya bodaboda, ila mkono mmoja uwe umeshika vizuri.