Mkristo na Nyama ya Nguruwe: Ni Nani Amekaa Nawe Mezani?



Swali la nguruwe limerudi. Kwenye kisanduku cha maswali cha mwezi huu nimepata karatasi nne zinazouliza jambo moja: mtu aliyeokoka anaruhusiwa kula nyama ya nguruwe, ama ni dhambi? Moja imeandikwa kwa herufi kubwa tupu, na mwenyewe ananiomba nisizunguke-zunguke. Sawa, sitazunguka. Anaruhusiwa. Lakini nikikomea hapo nitakuwa nimejibu nusu tu, na ile nusu iliyobaki ndiyo inayoumiza watu.

Tuanze na Torati, maana wanaokataa nguruwe hawakuota tu usiku. Walawi 11 na Kumbukumbu la Torati 14 ziko wazi. Mnyama wa kuliwa ni yule mwenye kwato zilizopasuka na ambaye pia hucheua. Nguruwe ana kwato zilizopasuka lakini hacheui, kwa hivyo ametolewa. Shida ni kwamba wengi wetu husoma mstari huo mmoja tukafunga Biblia. Kwenye Walawi 11, kabla hata hujamfikia nguruwe, utampata ngamia, kwa sababu yeye hucheua lakini hana kwato za namna hiyo. Utampata wibari. Utampata sungura. Ukishuka majini, chochote kisicho na mapezi na magamba hakiliwi. Sasa nikuulize, ndugu yangu wa Kisumu: kambare ana magamba? Na wewe wa Pwani, kamba, kaa na pweza tutawaweka wapi? Na ndugu zetu wa Marsabit wanaofuga ngamia, tuwaambie nini? Nimekaa kanisani miaka mingi na bado sijasikia mtu akikemea sungura madhabahuni.

Anayetaka kuishika sheria hiyo na aishike yote. Kusema haki, ndugu zetu Waadventista Wasabato wengi hujaribu hivyo, hata kambare hawamgusi, na mimi nawaheshimu kwa hilo. Wakristo wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia, majirani zetu ambao walikuwa na Injili tangu karne ya 4, hawali nguruwe mpaka leo. Hao huwezi kuwacheka. Wa kuulizwa swali ni yule anayemkemea mwenzake kwa sababu ya nguruwe huku vidole vyake bado vina mafuta ya mutura.

Hebu nikae hapo kwa mutura kidogo, kwa sababu inatuumbua. Matendo 15 inatupa habari za mkutano wa Yerusalemu, mitume na wazee wakijadili kama watu wa Mataifa waliomwamini Yesu wabebeshwe sheria ya Musa. Wakaamua hapana, wasisumbuliwe. Wakawaandikia mambo manne tu ya kujiepusha nayo: vitu vilivyotolewa kwa sanamu, damu, nyama ya mnyama aliyenyongwa, na uasherati. Nguruwe hayupo. Ilikuwa nafasi nzuri sana ya kumtaja, na hawakumtaja. Lakini damu ipo! Na mutura ya asili ni matumbo yaliyojazwa nyama na damu. Kwa hiyo tuna watu ambao wanapigania jambo ambalo mitume hawakuandika, na jioni wanasimama pale kona ya stejini wakila lile ambalo mitume waliliandika. Yakobo mwenyewe alitoa sababu, katika mstari wa 21: kila mji ulikuwa na sinagogi, na Musa alisomwa humo kila Sabato. Mimi naelewa hivi: waumini Wayahudi na waumini wa Mataifa walikuwa wanakwenda kukaa meza moja, na damu mezani ingewafukuza Wayahudi. Wako watumishi wa Mungu wanaosema katazo la damu ni la kudumu, wakirudi hadi kwa Nuhu, Mwanzo 9. Sina ugomvi nao. Ninachotaka uone ni kwamba mitume walipoandika kuhusu chakula, walikuwa wanawaza watu waliokaa mezani.

Kuhusu ruhusa yenyewe, Bwana Yesu alisema kinachoingia mdomoni hakimtii mtu unajisi, kwa kuwa kinakwenda tumboni wala si moyoni, na Marko anaongeza kwamba kwa kusema hivyo alivitakasa vyakula vyote. Soma mwenyewe Marko 7. Paulo anasema wazi katika Warumi 14:14 kwamba hakuna kitu kilicho najisi kwa asili yake. Soma pia Wakolosai 2:16 na 1 Timotheo 4:3 hadi 5. Yatosha.

Kuna wale watakaoniambia nguruwe ana mapepo tangu siku ile ya Wagerasi. Wapendwa, wale nguruwe walikuwa kama elfu mbili, na walipoingiwa na pepo walikimbia wakazama ziwani wote. Hawakuvumilia hata dakika chache. Yule mtu ndiye aliyekaa na hao pepo makaburini kwa muda mrefu. Kwa hiyo kama ni habari ya nani anakaa na mapepo, tusimsingizie nguruwe.

Na kuna hoja ya afya. Tegu wa nguruwe ni kweli, na huko Magharibi mwa Kenya, kama Busia, watafiti wamemwona na madhara yake, pamoja na kifafa. Lakini yale mayai yanayoleta shida ya ubongo hutoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu, yakaingia kwenye chakula au maji. Hata asiyewahi kuonja nguruwe anaweza kuyapata. Kwa hivyo jenga choo, nawa mikono, usimwache nguruwe azurure, nunua nyama yenye mhuri wa mkaguzi, na uipike iive kabisa. Hayo ni mambo ya busara. Usiyafanye mafundisho ya wokovu.

Sasa tumfikie Petro darini kule Yafa, Matendo 10. Wengi hutumia maono yale ya shuka kama cheti cha kula nguruwe. Mimi husita. Nguruwe hakutajwa kwa jina. Na Petro mwenyewe, alipofika Kaisaria nyumbani kwa Kornelio, alieleza maana yake katika mstari wa 28: Mungu amemwonyesha asimwite mtu yeyote najisi. Mtu, si mnyama. Aliporudi Yerusalemu walimshika kwa nini? Kwamba ameingia kwa watu wasiotahiriwa na kula pamoja nao. Kesi yote ilikuwa ya kula pamoja.

Lakini usimwone Petro kama mtu mgumu aliyekataa mara tatu bure. Kuna historia nyuma yake. Mwaka wa 167 kabla ya Kristo, mfalme Antioko Epifane alinajisi hekalu na kuwalazimisha Wayahudi waache sheria yao. Nguruwe ndiye aliyekuwa mtihani. Ule, uishi, au ukatae, ufe. Kitabu cha pili cha Wamakabayo, ambacho hakimo katika Biblia tunayotumia sisi, kinasimulia habari za Eleazari, mzee wa miaka 90, aliyefunguliwa mdomo kwa nguvu atiwe nyama ya nguruwe. Akaitema. Rafiki zake wakamwita kando, wakamwambia alete nyama yake halali, ajifanye tu anakula ile ya mfalme, apone. Akakataa hata kujifanya. Sababu aliyotoa ndiyo inayonigusa: vijana wangeona Eleazari katika uzee wake amegeuka, na wangepotea kwa ajili yake. Akapigwa mpaka akafa. Kitabu hicho kinaendelea na mama na wanawe saba waliouawa kwa jambo hilo hilo. Hekalu liliposafishwa tena iliwekwa sikukuu, na ndiyo ile Sikukuu ya Kutabaruku ambayo Bwana Yesu alikuwa Yerusalemu akiwa inaadhimishwa, Yohana 10:22. Kwa hivyo mambo haya hayakuwa yamesahaulika. Petro aliposema kwamba hajawahi kula kitu najisi, alikuwa na damu ya babu zake ndani ya maneno hayo.

Sasa weka Eleazari upande mmoja na Paulo upande mwingine. Eleazari anaamini nguruwe ni haramu, na anakufa kuliko kumkwaza kijana. Paulo anaamini hakuna chakula kilicho najisi, na katika 1 Wakorintho 8:13 anasema kama chakula kinamkwaza ndugu yake, hatakula nyama hata milele. Kuhusu sheria wanatofautiana kabisa. Lakini wote wawili, kabla ya kutia kitu mdomoni, wanaangalia nani anawatazama.

Nayaandika haya kwa sababu ya jambo lililotokea katika ushirika mmoja wa nyumbani, si hapa kwetu, nami nililetewa baadaye nilisikilize. Kuna dada aliyeokoka kutoka familia ya Kiislamu. Amelipa gharama ambayo wengi wetu hatuijui: kwa miezi kadhaa baba yake hakuitikia salamu yake. Siku hiyo waumini walichoma nguruwe, na yeye akachukua ugali na sukuma wiki akakaa zake. Mmoja akamwambia, tena akicheka, kwamba kama ameokoka kweli kweli aonje, tuone kama amefunguliwa. Wengine wakapiga makofi. Mtu akashika kipande akakipeleka mpaka mdomoni pake. Dada akatoka nje akatapika, na kipande chenyewe hakuwa amekila.

Nilipoulizwa, nilisema niliyoyaona. Waliompa kipande walidhani wako upande wa Paulo. Mimi niliwaona wako upande wa askari wa Antioko, wakiwa na tabasamu na sosi ya pilipili. Kulazimishwa kula ili uthibitishe wewe ni wa nani, ndicho kitu kile kile. Mmoja wa wale wazee akasema, "Lakini Mtumishi, si tumewekwa huru?" Ndiyo, mzee wangu. Lakini uhuru unaopimwa kwa kipande cha nyama ni sheria nyingine mpya, na hii haikutoka hata Sinai.

Angalia jinsi Paulo alivyofanya na tohara. Katika Matendo 16:3 alimtahiri Timotheo, kwa ajili ya Wayahudi wa sehemu zile. Katika Wagalatia 2 alikataa kabisa Tito asitahiriwe. Mtu yule yule, jambo lile lile, maamuzi mawili. Alikuwa kigeugeu? La. Kwa Timotheo hakuna aliyesema bila hii hujaokoka. Ilikuwa njia ya kuingia kwa watu. Kwa Tito kulikuwa na wanaodai iwe sharti, naye hakuwapa nafasi hata saa moja. Kitu unachokiacha mwenyewe kwa upendo ni sadaka. Kikigeuzwa kuwa sharti la kuwa mtoto wa Mungu, hapo Paulo anasimama.

Na kisu hiki kinakata pande zote. Kuna mama, mjane, aliyesomesha watoto wake kwa nguruwe wachache nyuma ya nyumba, na mtu wa kanisa akamwambia sadaka yake ina harufu. Yule mtu hajui Warumi 14 imesema nini? Asiyekula asimhukumu anayekula. Anayekula naye asimdharau asiyekula. Watu wa maombi wamekuwa wepesi sana kuhukumu mfuko wa mama huyo, wakati soseji za nguruwe wanazinunua supamaketi bila kusoma pakiti.

Turudi kwa yule dada, maana aliniuliza swali zuri kuliko zote zilizo kisandukuni. Aliuliza kama ni unafiki yeye kutokula, ilhali anajua moyoni si dhambi. Nikamuuliza kwa nini hali. Akasema kwamba kwa baba yake mambo bado ni magumu, lakini mama yake ameanza kumpokea tena. Kila akienda, kitu cha kwanza mama humuuliza ni kama amewahi kula nguruwe. Naye hujibu hapana, na ni kweli. Basi mama anampa mkono, wanakula sinia moja. Akila, atalazimika ama kusema uongo ama kuondoka kwenye lile sinia, na hakuna mtu mwingine katika nyumba ile wa kumtajia Yesu. Nikamwambia sioni unafiki hapo. Wako wanaomwita dhaifu wa imani. Mimi nadhani kati ya wote waliokuwepo siku ile, yeye ndiye aliyekuwa na uhuru mkubwa zaidi, kwa maana angeweza kula na ameamua kukaa bila.

Mwisho, kamati ya harusi ya mwezi wa Agosti imeniuliza kama nguruwe apikwe, maana familia ya bwana harusi ni wafugaji na wameahidi kuleta wawili. Apikwe, na tuwashukuru. Sufuria zake, visu na mwiko viwe vya peke yake, na watakaopakua wasichanganye vijiko. Mbuzi na kuku wapikwe na watu wengine, upande mwingine. Mtu asiulizwe kwa nini amechukua hiki akaacha kile. Na kamati isije ikaweka meza mbili, moja ya wanaokula na nyingine ya wasiokula. Viti vipangwe pamoja, hata kama vitabanana.